Forodha ya Kilwa na Kichwa cha Safu Kisichohama

Mwaka 1871 kamati teule ya Bunge la Uingereza iliyochunguza biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jedwali dogo la takwimu kutoka forodha ya Kilwa. Lilikuwa na mistari mitano, msimu baada ya msimu, kuanzia 1862/63 hadi 1866/67, na safu mbili za namba. Safu ya kwanza inakwenda hivi: 13,000, 14,000, 13,821, 18,344, 17,538. Ya pili: 5,500, 3,500, 3,000, 4,000, 4,500. Ukizijumlisha zote unapata 97,203. Anayezikuta namba hizo peke yake, bila maneno yaliyoandikwa juu yake, hajui chochote. Zaweza kuwa frasila za sandarusi iliyochimbwa nyuma ya ghuba ya Kiswere, kusini mwa Kilwa, au magunia ya mtama. Kichwa cha safu ya kwanza kilisema Unguja; cha pili kilisema kwingineko; na zote mbili zilihesabu binadamu.

Nimeanza na jedwali hilo kwa sababu linatatua ubishi ambao watumiaji wa kompyuta huuona mdogo: je, kuna haja gani ya kugandisha mstari wa vichwa katika lahajedwali, ili ubaki juu ya skrini wakati data inateremka? Wengi huihesabu kuwa starehe tu, kitu cha kumrahisishia karani macho. Mimi naiona ni malipo ya deni la zamani sana. Aliyebuni jedwali aliipokonya namba jina lake, akaliweka jina hilo mahali pamoja tu, juu, ili asilirudie. Tangu siku hiyo namba haina maana ila pale jina lake linapoonekana. Kila teknolojia ya kuandika hesabu iliyofuata ilibidi itafute njia ya kulifanya jina lisipotee, na iliposhindwa watu walisoma mambo ambayo hayakuandikwa.

Kabla ya jedwali, namba ilitembea na nomino yake. Tazama mkataba ambao mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliufanya na Sultani wa Kilwa tarehe 14 Septemba 1776. Alitaka watumwa 1,000 kila mwaka, kwa reale 20 kwa kila mmoja, na juu yake reale mbili za sultani kwa kila kichwa. Ni ukatili mtupu, lakini kama maandishi hauna utata: elfu moja ni ya watumwa, ishirini ni ya reale, mbili ni za sultani. Hakuna anayeweza kuchukua 20 ya mkataba ule akaifanya 2. Orodha za kale sana za Mesopotamia nazo zilianza hivyo, kila kiasi kikiandikwa pamoja na kitu chake. Kisha waandishi wa mabamba ya udongo wakaona wanachoka kurudia. Bamba maarufu la Plimpton 322, la miaka 3,800 hivi iliyopita, tayari lina safu nne na mistari 15, na juu ya kila safu pana maelezo ya kilichomo. Uvumbuzi ule uliokoa udongo na muda. Pia ulifanya jicho liweze kulinganisha, maana namba za aina moja zimepangwa zikitazamana, jambo ambalo sentensi haiwezi kulifanya. Bamba la udongo, hata hivyo, hushikwa mkononi na huonekana lote kwa mara moja. Kichwa hakina pa kupotelea.

Turudi Kilwa, kwa maana hapa ndipo jambo lenyewe lina uzito. Forodha ya Usultani wa Zanzibar katika miaka ile ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na aliyeisimamia kule Unguja alikuwa Ladha Damji. Waliokodi forodha walihesabu watumwa kwa sababu moja: kila kichwa kilitozwa ushuru. Kwa hiyo kichwa cha safu kinachosema Unguja, kikisomwa sawasawa, maana yake ni “waliolipiwa ushuru Kilwa wakapakiwa kwenda Unguja”. Hakimaanishi wote walioondoka. Waliopakiwa usiku katika mikoko, au katika ghuba ambayo haikuwa na mtoza ushuru wa kuijali, hawamo. Vilevile hakimaanishi waliobaki Unguja kuchuma karafuu, kwani wengi walipakiwa tena kwenda kaskazini. Anayechukua safu hiyo na kuijumlisha na takwimu za waliosafirishwa kutoka Unguja huwahesabu watu walewale mara mbili, na hesabu yake itaonekana safi kabisa.

Kichwa cha safu ya pili kina mambo zaidi. Mkataba ambao Sultani Seyyid Said aliutia saini na Waingereza mwaka 1845, ulioanza kutumika 1847, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa nje ya milki zake za Afrika. Kutoka Kilwa kwenda Lamu au Mombasa palikuwa ndani ya milki. Kutoka Kilwa kwenda Arabuni palikuwa nje. Neno “kwingineko” linawaweka wote katika chungu kimoja, halali na haramu kwa sheria ya wakati ule, watu 20,500 katika misimu mitano. Msomaji mwenye kichwa hicho mbele ya macho ataona pengo hilo na kuuliza. Asiye nacho ataona namba ndogo pembeni ya namba kubwa, basi.

Mtu anaweza kudhani upotevu kama huo ni wa kufikirika. Sio. Gawa 97,203 kwa misimu mitano: unapata kama 19,400 kwa msimu, wote waliopitia forodha ya Kilwa. Gawa jumla ya safu ya kwanza peke yake, 76,703: unapata kama 15,300, waliokwenda Unguja. Tofauti ni zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Mwandishi anayesema Kilwa ilipeleka Unguja watu karibu 20,000 kila mwaka, kwa ushahidi wa jedwali hili, ameusoma mstari wa jumla huku macho yake yameshaviacha vichwa. Nami sioni kwamba kosa hilo ni la kutokujua hesabu. Hesabu zake ni sahihi. Kilichomponyoka ni jina.

Linganisha na namba nyingine ya pwani hiyohiyo. Baada ya Sultani Seyyid Barghash kukubali mwezi Juni 1873 kufunga biashara ya watumwa baharini, misafara iligeukia nchi kavu, ikitoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Frederic Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza Unguja, alitumwa kuipita njia hiyo, akahesabu watumwa 4,096 waliompita kati ya tarehe 21 Disemba 1873 na 20 Januari 1874. Hii ni namba ya mtindo wa zamani: imekuja na sentensi yake, mwenye kuhesabu, tarehe na uelekeo. Haihitaji kichwa cha safu. Ndiyo maana hata ikinukuliwa vibaya inaweza kurekebishwa upesi. Lakini huwezi kuiendesha nchi, wala forodha, kwa sentensi za namna hiyo. Zikifika elfu moja hakuna atakayezisoma.

Vitabu vya hesabu vya karatasi vilipata suluhisho lake bila kelele. Kila ukurasa mpya wa daftari karani aliandika upya vichwa vya safu kabla ya kuandika namba yoyote, na wachapaji walipoanza kuuza madaftari yaliyopigwa mistari, vichwa vilikuwa vimeshachapwa juu ya kila ukurasa. Kurudia huko kulikuwa kazi ya kuchosha, lakini kulimaanisha kwamba popote utakapolifungua daftari, majina yapo.

Skrini ndiyo iliyoharibu utaratibu huo, kwa sababu skrini haina kurasa. Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc mwaka 1979, lahajedwali lao lilikuwa na mistari 254 na safu 63, lakini kwenye kompyuta ya Apple II mtu aliona mistari kama ishirini tu kwa wakati mmoja. Bricklin alikuwa amepata wazo lake akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, mbele ya ubao wa darasani. Ubao hausogei, jedwali la skrini linasogea. Inavutia kuona kwamba wabunifu hawa hawakungoja malalamiko: VisiCalc ilikuwa na amri ya vichwa, iliyoitwa kwa kubonyeza mkwaju (/) na herufi T, kisha ukachagua kugandisha mistari ya juu, safu za kushoto, au vyote viwili. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 iliichukua, na Excel ikairithi. Wakati huohuo jedwali lenyewe lilikua kupita kiasi. Excel ya mwaka 1997 ilifika mistari 65,536. Ya 2007 ikafika 1,048,576 na safu 16,384. Ukionyeshwa mistari arobaini kwa wakati, hizo ni skrini 26,000 na zaidi, na kichwa kimeandikwa katika ile ya kwanza tu.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza husema karani mzoefu anazijua safu zake kwa moyo. Anajua kwamba ya nne ni uzito na ya tano ni bei. Ni kweli, mpaka mtu aingize safu mpya katikati. Tena lahajedwali haliandikwi kwa ajili ya karani peke yake. Katika chama cha msingi cha wakulima wa ufuta au korosho katika mkoa wa Lindi, jedwali la malipo lina uzito, bei ya mnada, makato ya aina kadhaa na kinachobaki, na mkulima anayeonyeshwa mstari wake, wa mia tatu na kitu kutoka juu, ana haki ya kujua namba ipi ni kabla ya makato na ipi ni baada. Kumbukumbu ya karani haimsaidii.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kichwa chenyewe kinaweza kudanganya. “Kwingineko” kilionekana wakati wote, na bado kilificha. Nakubali kwamba kichwa kinachoonekana hakitoshi. Lakini kichwa kibaya kilichopo mbele ya macho kinaweza kuhojiwa, na wanahistoria wamekihoji. Kilichopanda juu ya skrini hakihojiwi na mtu. Na kipo kilichofichwa kabisa, ambacho hakuna kugandisha kutakakokionyesha: jedwali la Kilwa halina safu ya Kiswere. Ghuba ile ya kusini, yenye maji mazuri ya kutia nanga, haimo wala kama sifuri. Hapo lazima msomaji alete ujuzi wake mwenyewe.

Hoja ya tatu inatoka kwa watu wa hifadhidata: kwa nini tusibandike jina kwenye kila kitu, tuachane na kichwa cha juu? Njia hiyo imewahi kujaribiwa jirani kabisa, kule Tendaguru, katika bonde la Mto Mbwemkuru unaoingia baharini si mbali na Kiswere. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiwa wa kwanza, walichimba mifupa ya dinosauri pamoja na mamia ya vibarua wenyeji waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mwendo wa siku nne hadi Lindi, kisha ikapakiwa meli. Zaidi ya tani 200 haziwezi kupangwa katika safu, hivyo kila mfupa ulipewa alama yake ya shimo na mfuatano. Hadi leo mifupa iliyo kiini cha dinosauri mrefu aliyesimama katika jumba la makumbusho la Berlin inaitwa S II: shimo S, kiunzi cha pili. Mfumo huo ulifaa, maana mfupa hutengana na wenzake njiani. Ila angalia S II inakwambia nini ukiwa huna daftari la machimbo. Haikwambii kitu. Alama fupi nayo ni namba iliyopokonywa jina, na deni limehamia kwenye daftari.

Ya mwisho ni ya watumiaji wa simu, na wao nawapa haki yao: ukigandisha mistari mitatu na safu mbili kwenye skrini ya simu, haibaki nafasi ya data. Dawa ni kugandisha mstari mmoja wa juu na safu moja ya kushoto, ile yenye jina la mtu au mwaka. Tena mtu asidhani kwamba akishagandisha amemaliza. Kugandisha ni hali ya kutazama tu. Ukichapisha, ukurasa wa pili hutoka bila vichwa usipochagua mistari ya kurudiwa juu ya kila ukurasa. Ukihifadhi faili kama maandishi matupu, mgando unapotea na vichwa vinabaki kuwa mstari wa kwanza tu.

Basi anayetaka kuliingiza jedwali la forodha ya Kilwa katika lahajedwali leo asiandike “Unguja” na “Kwingineko” kisha akagandisha. Aandike “waliolipiwa ushuru Kilwa, kwenda Unguja, wakiwemo waliopelekwa mbele baadaye” na “waliolipiwa ushuru Kilwa, kwenda bandari nyingine, ndani au nje ya milki”. Vichwa hivyo vitajikunja mara tatu au nne ndani ya seli, na vitakuwa virefu kuliko mistari mitano ya namba iliyo chini yake.