Pumzi ya Upole: Watoto Njiti Walivyoanza Kupona



Mwaka huu tunachangia wodi ya watoto wachanga. Ni vema tujue tiba tunayoichangia ilikotoka.

Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa kabla ya wakati. Aliishi siku mbili tu. Fedha na cheo cha baba yake havikuweza kumpa pumzi. Chanzo kilikuwa kimeshajulikana: mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba njiti wenye shida hiyo hupungukiwa na ute unaozuia vifuko vya hewa vya mapafu visinywee kila wanapotoa pumzi.

Mashine za kusukuma hewa kupitia mrija wa kooni ziliokoa baadhi, lakini nguvu yake iliweza kuumiza mapafu machanga. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza njia nyingine: mtoto apumue mwenyewe, huku msukumo mdogo wa hewa ukiyaacha mapafu wazi. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 walinusurika.

Huko New York, daktari Jen-Tien Wung alitumia vimirija vifupi vya puani, na mpira wa kutolea hewa ukazamishwa kwenye chupa ya maji. Ukizama zaidi, msukumo huongezeka. Mapovu yakikoma, muuguzi anajua kuna kasoro. Hospitali 8 za Marekani zilipolinganishwa mwaka 1987, yake ndiyo iliyokuwa na ugonjwa sugu wa mapafu kidogo kuliko zote.

Njia hiyo imefika kwa jirani zetu. Blantyre, Malawi, kifaa cha bei nafuu kilijaribiwa kwa watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa 71 kati ya kila 100 waliishi. Kwa oksijeni peke yake walikuwa 44.

Lakini mapovu hayajiangalii yenyewe. Yanahitaji muuguzi aliyefundishwa, oksijeni ya kutosha na umeme usiokatika usiku. Kwa hiyo tusinunue mashine ya kupigia picha siku ya makabidhiano, kisha ikafungiwa stoo. Tuchangie kifaa, umeme wa akiba na mafunzo kwa pamoja, ili mtoto wa mkulima wa kwetu apate pumzi aliyoikosa mtoto wa Rais.

Karibuni tuchangie.