Deni la Unyumba na Nadhiri ya Kujizuia: Kanuni ya Kupatana katika Mafundisho ya Kikristo, kutoka Korintho hadi Lynn

Utangulizi

Historia ya mafundisho ya Kikristo kuhusu tendo la ndoa imezoeleka kusimuliwa kama historia ya makatazo: siku za mfungo, sifa za ubikira na mashaka ya Mababa wa Kanisa juu ya mwili. Masimulizi hayo yana ushahidi wa kutosha, lakini huacha kando swali moja la msingi: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kwamba mume na mke wajizuie? Insha hii inajadili swali hilo kwa kufuatilia kanuni ya kupatana, tangu waraka wa Paulo kwa Wakorintho hadi Uingereza ya karne ya 15. Hoja inayotetewa ni kwamba kanuni hiyo ilimpa mke usawa ambao sheria za ndoa hazikumpa katika mambo mengine. Hata hivyo, usawa huo ulikuwa wa wadaiwa wawili, na mdaiwa hawezi kujifutia deni lake mwenyewe.

Msingi wa kanuni

Katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, uliotungwa katikati ya karne ya kwanza, Paulo alijibu maswali ya waumini ambao baadhi yao waliona kwamba ni vema kuacha kabisa tendo la ndoa. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, mume na mke wanadaiana unyumba, na kila mmoja ana mamlaka juu ya mwili wa mwenzake. Pili, wanaweza kujizuia iwapo wamepatana, kwa muda tu, kwa ajili ya sala, kisha warudiane. Neno la Kigiriki alilolitumia kwa wajibu huo lina maana ya deni, na tafsiri ya Kilatini ikalihifadhi kwa neno *debitum*. Jambo la kuzingatia ni kwamba Paulo alimtaja mke na mume kwa uzito ule ule. Katika jamii ya Kirumi, ambamo uaminifu wa mke ulidaiwa kuliko wa mume, ulinganifu huo haukuwa jambo dogo.

Augustino na kesi ya Ecdicia

Mwishoni mwa karne ya nne mjadala ulipamba moto. Mtawa Yoviniani alifundisha kwamba wanandoa na mabikira wana stahili sawa mbele ya Mungu. Mafundisho yake yalilaaniwa Roma na Milano, na mwaka 393 Yeronimo alimjibu kwa ukali uliowafanya hata marafiki zake waone kwamba ameidharau ndoa. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alitafuta njia ya kati. Katika kitabu chake kuhusu wema wa ndoa, cha mnamo mwaka 401, alitaja mema matatu ya ndoa: watoto, uaminifu na sakramenti. Alifundisha kwamba anayedai unyumba bila nia ya kupata mtoto ana kosa dogo, lakini anayeombwa akakubali hana kosa, kwa kuwa analipa anachodaiwa.

Mafundisho hayo yalipimwa katika maisha ya mwanamke aitwaye Ecdicia, ambaye anajulikana kwa barua aliyoandikiwa na Augustino. Ecdicia aliweka nadhiri ya kujizuia bila ridhaa ya mumewe. Baadaye mume alikubali, nao wakaishi hivyo kwa muda mrefu. Kisha Ecdicia akaanza kuvaa kama mjane, na bila kumshauri mumewe akawapa watawa wawili wapita njia sehemu kubwa ya mali yake, ingawa walikuwa na mtoto wa kiume. Mume alighadhibika, akaivunja nadhiri na kuzini. Augustino alikiri kwamba mume ametenda dhambi, lakini lawama kubwa aliielekeza kwa mke. Hoja yake ilitenganisha mambo mawili. Katika unyumba wote wawili walikuwa sawa, na nadhiri waliyoiafiki pamoja iliwafunga wote. Katika mavazi na mali, mke alipaswa kumtii mumewe. Hivyo usawa ulitambuliwa, lakini ukawekewa mpaka kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Kutoka ushauri hadi sheria

Kati ya karne ya 6 na ya 11, vitabu vya toba vilivyotumika Ireland, Uingereza na bara la Ulaya viliorodhesha nyakati za kujizuia: Kwaresima, Jumapili, siku za hedhi na miezi ya ujauzito. Katika vitabu hivyo kalenda ilipewa nafasi kubwa kuliko mapatano ya wanandoa. Mnamo mwaka 1140, Gratian wa Bologna alipokusanya sheria za Kanisa, aliirejesha kanuni ya kupatana katikati ya mjadala, na miongoni mwa maandiko aliyoyanukuu ni ile barua kwa Ecdicia. Aliamua kwamba nadhiri ya mke ya kufunga chakula inaweza kutanguliwa na mumewe hata kama hapo awali aliiruhusu, kwa kuwa mke yuko chini yake. Nadhiri ya kujizuia ni tofauti: hakuna anayeweza kuiweka peke yake, lakini mume akisharidhia hawezi kuirudisha ridhaa hiyo, kwa sababu katika jambo hilo wako sawa.

Mapatano ya Margery Kempe

Matumizi ya kanuni hiyo yanaonekana katika maisha ya Margery Kempe wa mji wa Lynn, Norfolk. Kitabu cha maisha yake kiliandikwa na makarani kwa masimulizi yake katika miaka ya 1430, na nakala yake ya mkono ikagunduliwa mwaka 1934. Baada ya kuzaa watoto 14, Margery alitamani kuishi bila unyumba, lakini hakuweza bila ridhaa ya mumewe, John. Katika mkesha wa sikukuu ya Yohane Mbatizaji, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1413, walipatana wakiwa njiani kutoka York. Margery angelipa madeni ya fedha ya mumewe kabla ya safari ya Yerusalemu na angeacha mfungo wake wa Ijumaa ili ale pamoja naye. John naye asingedai tena unyumba.

Masharti hayo yanalingana na mgawanyo uliofanywa na Gratian. Mfungo, ambao kisheria ulikuwa chini ya mume, ulitolewa ili kupata ridhaa ambayo mume asingeweza kuitangua. Deni la fedha lililipwa ili deni la mwili lifutwe. Walipofika mbele ya Philip Repingdon, askofu wa Lincoln, askofu alimuuliza John kwanza kama anaridhia, ndipo nadhiri ikapokelewa.

Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha kwamba kanuni ya kupatana haikuwa ya ukombozi mtupu wala ya ukandamizaji mtupu. Ilimzuia mume kujitawa na kumwacha mke bila ridhaa yake, na ilimpa mke hadhi ya mdai. Wakati huo huo ilimfunga yule aliyechoka kuzaa, kwa kuwa kukataa kwake peke yake hakukuwa na nguvu ya sheria. Ecdicia alilaumiwa kwa kutumia mali yake bila shauri. Margery alifanikiwa kwa sababu alikuwa na mali ya kulipia ridhaa. Mwanamke asiyekuwa na fedha alibaki na ombi tu.

Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyochapwa nzima mwaka 1952, haikutumia neno deni katika aya hiyo ya Paulo, bali neno haki. Tafsiri hiyo inalitazama jambo kutoka upande wa anayedai. Katika lugha zote mbili, ya deni na ya haki, nafasi ya yule asiyetaka hutegemea neno la kupatana, na ndiyo maana historia ya neno hilo inastahili kuchunguzwa sambamba na historia ya makatazo.