Kutabiri Vifungo vya Disulfidi: Kutoka Maabara hadi Kompyuta

Kifungo cha disulfidi ni muungano wa atomu mbili za salfa ndani ya protini. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, na mojawapo ya asidi hizo, sisteini, ina salfa pembeni. Mnyororo unapojikunja, sisteini mbili zilizokuwa mbalimbali hukutana, hupoteza hidrojeni zake, na salfa zake hushikana. Hapo umbo hukazika. Insulini, kingamwili, protini ya nywele na sumu ya koboko, zote hutegemea vifungo hivi ili zisilegee.

Kujua ni sisteini ipi imeshikana na ipi kulianza kuwa kazi ya maabara, tena ya kuchosha. Huko Cambridge, Uingereza, Frederick Sanger na wenzake walikuwa wamekwisha kutambua mpangilio wa asidi amino 51 za insulini ya ng'ombe kufikia 1953, lakini mahali pa vifungo vyake 3 hapakuelezwa hadi 1955. Kilichowachelewesha ni vifungo vyenyewe: protini ilipotiwa katika asidi kali ili ikatike vipande, salfa ziliachana na kushikana upya na nyingine, na vipande vilivyopatikana vikatoa ushahidi wa uongo.

Msingi wa utabiri uliwekwa na Christian Anfinsen katika Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda, Marekani. Alichunguza ribonukliasi, kimeng'enya chenye asidi amino 124 na sisteini 8 zinazofanya vifungo 4. Aliikunjua kwa urea na kuvikata vifungo vyote kwa mekaptoethanoli. Kimeng'enya kikaacha kufanya kazi. Kemikali hizo zilipoondolewa na oksijeni ya hewa kuachwa ivirudishe vifungo, nguvu yake ilirejea karibu yote. Uzito wa jambo hili uko kwenye hesabu. Sisteini ya kwanza inaweza kupata mwenzi kati ya 7, inayofuata kati ya 5, kisha kati ya 3, na mbili za mwisho hazina budi kushikana: njia 105 kwa jumla, na moja tu ndiyo sahihi. Vifungo viliporudishwa huku urea ingali imo, vilijifunga ovyo, na kimeng'enya kikapata takriban asilimia 1 tu ya nguvu yake. Kwa hiyo mpangilio wa asidi amino wenyewe ndio unaobeba jibu. Anfinsen alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972, na swali likabaki kama jibu hilo laweza kusomwa bila kuigusa protini.

Jaribio mashuhuri la kulisoma kwa kompyuta lilitoka Berkeley, California, mwaka 1990. Muskal, Holbrook na Kim walifundisha mtandao wa neva bandia kutazama asidi amino zilizo jirani na sisteini, kisha kuamua kama imefungwa au iko huru. Ulipatia mara 81 hivi katika kila 100. Yalikuwa mafanikio ya kweli, ila mbinu hiyo ilikuwa na dosari ya msingi: ilihukumu kila sisteini peke yake, na sisteini haiamui peke yake. Protini zinazotengenezwa ili zitoke nje ya seli hupitia mahali panaporuhusu salfa kushikana, na kwa kawaida sisteini zake zote hufungwa. Zile zinazobaki ndani ya seli huwa nazo huru. Tena, sisteini yenye kifungo muhimu haibadiliki kirahisi kutoka kiumbe hadi kiumbe. Fiser na Simon wa Hungaria walitumia ushahidi huo wa ukoo kufikia asilimia 82 mwaka 2000, na kundi la Rita Casadio huko Bologna, Italia, lilipozihukumu sisteini za mnyororo mmoja kwa pamoja, likafikia 88 mwaka 2002.

Swali la pili, ipi imeshikana na ipi, ndilo gumu zaidi. Vifungo 5 vina njia 945. Vifungo 6 vina 10,395. Mwaka 2001 Fariselli na Casadio waliligeuza kuwa tatizo la grafu: kila sisteini ni nukta, kila jozi hupewa alama, kisha hutafutwa mpango wa jozi wenye jumla kubwa kuliko yote. Hesabu ya kuupata bila kupitia njia zote ilikuwapo tangu 1965, kazi ya Jack Edmonds, ambaye hakuwa akiwaza protini hata kidogo. Ugumu ukahamia kwenye kutoa alama zilizo za haki. Vullo na Frasconi wa Firenze walijaribu mwaka 2004 kupima mpango mzima badala ya jozi mojamoja, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya DISULFIND, iliyotangazwa mwaka 2006. Hata hivyo, kadiri vifungo vilivyozidi, ndivyo usahihi ulivyoporomoka.

Ugumu huo haukuwa wa kompyuta peke yake. Katika miaka ya 1960 daktari Lorents Gran kutoka Norwei, akihudumu na Msalaba Mwekundu nchini Kongo, aliona wanawake wakitumia mmea wa Oldenlandia affinis kuharakisha uzazi. Kiini chake, kalata B1, ni mnyororo wa asidi amino 29 uliounganika ncha kwa ncha, wenye vifungo 3. Umbo lake lilitolewa mwaka 1995, lakini salfa zake zimesongamana kiasi kwamba mwaka 2002 watafiti wengine walipendekeza mpango tofauti wa jozi. Ushahidi wa kikemia wa 2003 ndio uliothibitisha ule wa kwanza, ambamo kifungo kimoja kinapenya katikati ya pete iliyofanywa na vingine viwili.

AlphaFold, programu iliyong'ara katika CASP ya mwaka 2020, mashindano ya kutabiri maumbo ya protini, ilibadili njia. Yenyewe haiulizi ipi na ipi. Huweka kila atomu mahali pake, na salfa mbili zikionekana umbali wa takriban nanomita 0.2, kifungo kinajulikana. Kwa protini nyingi jibu hilo latosha. Halitoshi kwa protini kama OxyR ya bakteria, ambayo hufunga kifungo chake seli inaposhambuliwa na peroksidi ya hidrojeni na kukifungua hatari ikipita. Mpangilio wake wa asidi amino haubadiliki, lakini kifungo chaweza kuwapo au kutokuwapo, kulingana na hali ya seli.