Nchi Iliyonusurika Kuitwa Smutsland

Kila ikaribiapo Desemba 9, mabango hutundikwa yakitangaza sherehe za "Uhuru wa Tanzania Bara". Wazee wanaoyasoma hukunja uso, na wana haki. Nchi iliyopandisha bendera yake mwaka 1961 iliitwa Tanganyika.

Jina hilo lilikuwa la ziwa kwanza. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walilikuta vinywani mwa watu. Burton akaeleza kuwa ni mahali maji yanapokutana; wengine baadaye wakalitafsiri kwa tanga na nyika. Wajerumani hawakulijali. Koloni lao, Rwanda na Burundi zikiwamo, waliliita Deutsch-Ostafrika.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walitaka kumfuta Mjerumani hata kwenye ramani. Wizara ya Makoloni huko London ikaanza kusaka jina. Likaletwa Smutsland, kumtukuza Jenerali Jan Smuts aliyeongoza majeshi ya Uingereza huku mwaka 1916. Hebu fikiria! Maelfu ya wapagazi waliangamia kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya vita hivyo, na mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umebaki na jina la kikosi chao. Jenerali apewe nchi nzima? Smutsland lilikataliwa, lakini si kwa ajili ya wapagazi. Wakubwa waliona halina mvuto. Yakaja Eburnea, New Maryland, Windsorland, Victoria. Waziri, Lord Milner, akashikilia kwamba litafutwe jina la wenyeji, linalofahamika kuwa la nchi hiyo. Kilimanjaro na Tabora yakapendekezwa, yakaachwa. Mwaka 1920 likapita Tanganyika, na ndilo chama cha TANU kililolibeba kuanzia 1954 hadi uhuru.

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa Aprili 1964 ulizaa jina la Tanzania miezi michache baadaye.

Tangu hapo, kulitaja jina la zamani kumeonekana kama uchokozi. Wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993 walizimwa, na serikali tatu, ya Tanganyika ikiwamo, zilizopendekezwa katika Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba zikaondolewa na Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Sisi tuliopata uhuru kwa jina hilo tunalionea haya, ilhali ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, jimbo zima linaitwa Tanganyika tangu 2015, makao yake makuu Kalemie.