Herufi m katika madarasa ya Ibaba

Ukitaka kuona darasa la watoto wadogo lilivyobadilika huku kwetu Ibaba, wilayani Ileje, acha kwanza majengo na madawati. Chukua herufi moja uifuate tangu zamani mpaka leo. Mimi nafuata m. Ndiyo iliyonitesa nilipoanza shule, na ndiyo ninayofurahia zaidi kuifundisha sasa nikiwa mwalimu wa darasa la awali.

Herufi zilipanda milima hii na wamisionari. Wamoravian walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akaanza kazi Mbozi kwa Wanyiha. Sisi Wandali wa Ileje tulikuwa na Isoko, ambako hospitali ya Wamoravian ipo hadi leo. Shule za misheni hazikumhesabu mtoto wa miaka mitano. Aliyeketi mbele ya ubao alikuwa kijana au mtu mzima anayejiandaa kubatizwa. Mtoto mdogo alibaki kwa bibi yake, jioni moto ukiwaka, akitegewa vitendawili na kupewa maneno magumu ayaseme haraka bila kujikwaa ulimi. Bibi hakuwa na chaki, lakini mtoto aliyetoka mikononi mwake alikuwa na sikio lililonolewa. Ilichukua muda mrefu mno shule kulitambua hilo.

Mimi ni mtoto wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974, miezi ile watu wakihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, na kufikia 1977 kila mtoto wa miaka saba alitakiwa awe darasani. Niliingia mwaka huo. Walimu hawakutosha, kwa hiyo serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha: asubuhi darasani na watoto, mchana na vitabu vyao na vipindi vya redio. Mwalimu wetu alikuwa mmoja wao, kijana mwembamba ambaye ndevu zilikuwa bado kumwota. Alikuwa na fimbo ndefu ya mwanzi na ubao uliopauka. Fimbo ikigusa a, tunaimba a. Ikishuka kwenye ma, tunaimba ma, me, mi, mo, mu, sauti inavuka uwanja hadi kwenye mashamba ya maharage. Daftari lilikuwa la wenye bahati. Wengine tuliandika kwa kidole kwenye vumbi chini ya upenu wa shule, mwalimu akipita anaangalia, kisha tunafuta kwa kiganja.

Siku hizi kwenye semina ni kawaida kuicheka kwaya ile. Mimi siicheki. Kiswahili ni lugha ya silabi, na mtoto aliyeshika ma me mi mo mu aliweza kusoma mama, moto na mimi kabla mvua hazijakatika. Watu wengi wa rika langu walisoma kwa njia hiyo, na wakasoma kweli. Ubaya wa kwaya ulikuwa mahali pengine: hakuna aliyejua nani anaimba na nani anachezesha midomo. Mtoto angeweza kumaliza mwaka mzima mstari wa nyuma bila sauti yake peke yake kusikika hata mara moja.

Hapo ndipo m iliponinasa. Kwenye kwaya m haikuwahi kutembea peke yake, ilikuwa na irabu mgongoni siku zote. Likaja neno mti. Nikasoma miti. Fimbo ikagonga ubao, nikasoma miti tena kwa sauti kubwa zaidi. Mtu, mtoto, mkate, mguu, yote niliyapa irabu, maana nilifundishwa kwamba m lazima iwe nayo. Na nyumbani nako m ilikuwa na irabu: kwa Kindali mtu ni umundu. Maneno ambayo Kiswahili huyatumia zaidi kumtaja binadamu huanza na m iliyosimama pekee, na ubao wetu haukuwa na mahali pa kuiandika.

Mama zetu walitendewa kwa upole zaidi. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa miaka mingi baadaye kina mama walikwenda kisomo jioni, watoto mgongoni. Vitabu vyao vilizungumzia kilimo, mifugo na afya. Walianza na neno lenye maana na picha yake, ndipo wakalivunja vipande. Mwaka 1986 serikali ikasema watu wazima wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Najiuliza mpaka leo kwa nini mama aliruhusiwa kuanza na jembe analolijua, na mwanawe aanze na ma me mi mo mu.

Mchezo uliingia kwa mlango wa uani, yaani chekechea. Sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ilitungwa mwaka 1981, lakini vituo vingi vya vijijini vilikuwa kivuli cha mti au chumba cha kanisa, na lengo lilikuwa watoto wasikae peke yao mama zao wakiwa shambani. Kwa kuwa hakuna aliyeviona kuwa shule, watoto waliachwa wacheze: ukuti, mdako, kombolela. Sera ya elimu ya 1995 ikaitambua awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikaifanya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, watoto wa awali nchini wakaongezeka kutoka milioni 1 na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nani wa kuufunga mlango wakishafika 25? Mwaka huohuo wa 2016 sisi tulitoka Mbeya tukawa Mkoa wa Songwe, na watoto waliendelea kuingia.

Wakati huo ndipo mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, yalipotufikia. Tukaambiwa tuanze na sauti: m isiitwe me wala ma, mwalimu afunge midomo aseme mmm. Walimu wa zamani walinung'unika, baadhi hadharani. Mimi nilikaa kimya nikiukumbuka mti wangu.

Sauti, hata hivyo, haifundishiki kwa fimbo. Ukiwaambia watoto sitini waseme mmm, unapata kwaya nyingine, ya mvumo tu. Kilichonisaidia ni mchezo wanaoujua wote, nyama nyama. Kwa kawaida mwenye kuita hutaja nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, wenzake wanaruka. Akitaja nyama isiyoliwa, atakayeruka ametoka. Mimi nilibadilisha kanuni moja: ruka neno likianza na mmm. Nikitaja mahindi, wanaruka. Maharage, wanaruka. Viazi, wanaruka watatu na darasa zima linacheka. Kisha nikataja mti. Wengine waliruka, wengine wakainama kidogo wakangoja kuona jirani atafanya nini, na kwa mara ya kwanza nikamwona kwa macho kila mtoto asiyeisikia m iliyo peke yake. Aliyetoka hakai pembeni. Yeye ndiye anayeita, na ili aite lazima atafute neno kichwani mwake. Safari moja msichana aliita embe. Nusu ya darasa waliruka, nusu wakapiga kelele kwamba amekosea, naye akashika kiuno: “Mwalimu, m ipo, imejificha ndani!” Asubuhi ile sikufundisha kingine. Tulitafuta zilizojificha: kamba, jembe, mimba ya ng'ombe wa jirani.

Baada ya kusikia, mikono. Fito za mwanzi mbichi hupindika vizuri. Ukizikunja mara mbili unapata m kama vilima viwili vya Ileje vilivyokaribiana. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 alitumia herufi za msasa, mtoto anazipapasa kwa vidole. Msasa hapa ni wa fundi seremala na una bei. Tunakata kiroba, tunachora herufi kwa uji mzito, tunamwaga mchanga juu yake, tunaanika. Kukiwa na ukungu, uji haukauki siku mbili, na panya wanaupenda.

Wazazi hawakuelewa mara moja. Baba mmoja alikuja na kofia mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwanangu anarudi na udongo hadi masikioni. Daftari nililomnunulia ni jeupe. Anajifunza lini?”

Nilimwita mwanawe nikamwambia ampe baba maneno ya mmm. Mtoto akataja mawili, la tatu likawa mlevi, akimtazama baba yake. Tulicheka wote, mzee naye akacheka, lakini kwenye kikao cha wazazi alirudia lalamiko lilelile. Namwelewa. Yeye alijifunza kwa kwaya na daftari, na daftari ndilo ushahidi anaoweza kuushika.

Wenzetu wa pwani walitutangulia. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kuunganisha masomo ya madrasa na michezo ya watoto wadogo. Zanzibar baadaye wakawa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, mwalimu na watoto wakifuata maelekezo ya spika pamoja. Sasa kuna katuni za Akili and Me kutoka Dar es Salaam, na kila mwaka napokea mtoto anayezifahamu herufi kadhaa kutoka kwenye simu ya mjomba aliyeko Tunduma. Anazitaja vizuri. Ukimwambia akutafutie m iliyojificha, anaduwaa kama wenzake.

Kazi iliyonibakia ni l na r. Watoto wengi wa huku huzisema kwa sauti moja, na wakubwa wao vilevile, na mimi mwenyewe nikichoka. Kwa m, mtoto alikuwa na sauti tayari mdomoni, ilibidi tu aachiliwe aisikie. Kwa hizi mbili, mchezo wa kuruka haunisaidii, maana mwenye kuita na mwenye kuruka wote wanasikia kitu kimoja. Nimeanza kutumia kioo kidogo, kila mtoto kwa zamu aone ulimi wake unagusa wapi na unatetemeka wapi. Kwa watoto sitini na kioo kimoja, foleni inafika mlangoni.