Nyundo na Kwaya, Bega kwa Bega

Mwaka 1985, mwaka uleule mgomo mkubwa wa wachimba makaa ya mawe ulipokwisha nchini Uingereza, ilitoka santuri iitwayo Shoulder to Shoulder. Waliorekodi ni makundi mawili ambayo kwa kawaida yasingekutana: Test Dept, vijana wa London waliopiga vyuma chakavu, na South Wales Striking Miners Choir, kwaya ya wanaume wachimba makaa waliokuwa katika mgomo.

Test Dept walianza mwaka 1981 huko New Cross, kusini-mashariki mwa London. Wakati huo bandari za zamani za mto Thames zilikuwa zinakufa, na vyuma vimezagaa kila upande. Vijana hao waliokota mapipa, springi, matangi na mabati, wakavigeuza ngoma. Muziki wa kelele za viwanda ulikwishapata jina kabla yao, tangu kundi la Throbbing Gristle lilipoanzisha lebo yake ya Industrial Records mwaka 1976. Lakini wengi katika fani hiyo walikuwa wakichezea hofu na vitisho. Test Dept walirudisha ndani yake kitu kilichosahaulika, nacho ni kazi yenyewe: watu kadhaa wanapiga chuma kwa pigo moja, jasho linawatoka, hakuna anayejitenga na wenzake.

Kwaya za wanaume za Wales ya Kusini zina asili ya mbali zaidi. Zilikulia katika makanisa ya mabonde ya makaa na chuma karne ya 19, na nota za solfa ziliwawezesha watu wasio na piano wala mwalimu kusoma muziki wa sauti nne. (Wanakwaya wa makanisa ya Afrika Mashariki, waliozipokea nota hizo kupitia wamisionari, wataelewa upesi.) Mwaka 1872, na tena 1873, kwaya ya watu wapatao 450 kutoka mabonde hayo ilishinda mashindano katika jumba la Crystal Palace, London. Aliyeiongoza, Griffith Rhys Jones, maarufu kwa jina la Caradog, alikuwa mhunzi kwa kazi yake. Mikono iliyowaongoza waimbaji ndiyo iliyoshika nyundo. Hapo ndipo ninapoona ukoo wa santuri hii: chuma na kwaya vilikuwa nyumba moja zaidi ya miaka mia moja kabla Test Dept hawajafika.

Kilichowakutanisha tena ni njaa. Machi 1984 Bodi ya Taifa ya Makaa ilieleza mpango wa kufunga migodi ipatayo 20, na ajira kama 20,000 kupotea. Wachimbaji zaidi ya laki moja waliweka zana chini. Serikali ya Margaret Thatcher haikulegea. Mahakama iliruhusu fedha za chama cha wachimbaji cha Wales ya Kusini zikamatwe, na wanawake wa mabondeni wakasimamia majiko ya kulisha familia za wagomaji. Test Dept walizunguka wakifanya maonyesho ya kuchangisha fedha, na mapato ya santuri yalikusudiwa kuwasaidia wagomaji.

Nimeisikiliza mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba hakuna upande uliolainishwa kumpendeza mwenzake. Kwaya haikukatwakatwa ikawa pambo la kelele. Inaimba kama ilivyozoea kuimba, kwa sauti pana za besi na tena. Vyuma navyo havikupunguzwa makali. Siku hizi wasanii wengi huchota kipande cha wimbo wa mababu, wakakitia ndani ya mdundo wa kompyuta, wakasema wamechanganya ya kale na mapya. Hapa mabingwa wa ya kale walikuwepo wenyewe, wakiwa na deni dukani na watoto wa kulisha.

Mgomo ulikwisha Machi 1985 bila makubaliano. Maerdy, mgodi wa mwisho katika bonde la Rhondda huko Wales ya Kusini, ulifungwa mwaka 1990. Test Dept waliendelea: mwaka 1986 walipiga katika karakana ya zamani ya reli karibu na stesheni ya Paddington, na mwaka 2014, miaka thelathini baada ya mgomo kuanza, walipeleka kazi yao Dunston Staiths, gati la mbao kando ya mto Tyne ambako makaa yalikuwa yakipakiwa melini.