Shindano la Ubunifu wa Jengo la Makumbusho Kando ya Maji: Mambo ya Msingi Anayopaswa Kuyafahamu Mwananchi

TANDAHIMBA, MTWARA – Jengo la makumbusho ya umma hujengwa mara moja katika vizazi kadhaa. Likikosewa, hasara yake hubebwa na walipakodi pamoja na vitu vya thamani vilivyomo ndani. Ndiyo maana miji mingi duniani inapotaka kujenga makumbusho mapya, hasa kando ya bahari, mto au ziwa ambako ardhi ni adimu, hutangaza shindano la wazi la ubunifu badala ya kumteua mbunifu majengo mmoja.

Makala haya yanafafanua maana ya shindano hilo, hatua zake, sheria zinazogusa jengo la aina hiyo nchini, na sababu za suala hili kumhusu mkazi wa uwanda wa juu wa Makonde, ingawa Tandahimba iko mbali na ufukwe. Sehemu kubwa ya urithi unaostahili kuhifadhiwa katika makumbusho ya ukanda wa kusini imetoka kwa wachongaji, wacheza ngoma na wazee wa Tandahimba, Newala na maeneo jirani.

Shindano la ubunifu ni nini

Katika shindano la ubunifu, mwenye mradi hueleza mahitaji yake kwa maandishi, wabunifu majengo huwasilisha michoro, na jopo la majaji huchagua pendekezo bora. Linatofautiana na zabuni ya ujenzi, ambapo wakandarasi hushindania kujenga jengo ambalo michoro yake imekwishakamilika. Katika shindano, kinachopimwa kwanza ni wazo: namna jengo litakavyokaa kwenye kiwanja, litakavyopokea watu, litakavyolinda vitu na litakavyotunzwa.

Kimataifa, mashindano haya huongozwa na Pendekezo la UNESCO kuhusu mashindano ya ubunifu majengo na mipango miji, lililofanyiwa marekebisho mwaka 1978. Shirikisho la Kimataifa la Wabunifu Majengo (UIA) ndilo lenye dhamana ya kusimamia misingi hiyo.

Mfano wa Antwerp

Mfano ulio karibu zaidi na dhana ya makumbusho ya jiji kando ya maji ni Museum aan de Stroom, yaani Makumbusho ya Kando ya Mto, katika jiji la bandari la Antwerp, Ubelgiji. Jengo hilo lipo katika eneo la gati za zamani, na lilibuniwa na kampuni ya Neutelings Riedijk ya Uholanzi baada ya kushinda shindano. Lilifunguliwa Mei 2011.

Jengo lina kimo cha takriban mita 60. Kumbi zake zimepangwa moja juu ya nyingine kama masanduku, na kuzizunguka kuna njia yenye kuta za vioo inayopanda hadi juu ya paa. Mwananchi hupanda njia hiyo bila kulipa kiingilio na kulitazama jiji lake. Tiketi huhitajika kwa maonyesho ya ndani. Sehemu ya ghala pia imewekwa wazi, hivyo mgeni huona vitu ambavyo katika makumbusho mengi hubaki gizani.

Funzo la Antwerp ni kwamba jengo la umma linaweza kumhudumia hata asiye na fedha ya tiketi. Hilo halitokei kwa bahati. Lazima liamuliwe kabla ya mchoro wa kwanza.

Hatua za shindano

Mashindano mengi hupitia hatua zifuatazo:

1. *Mwongozo wa shindano.* Hueleza ukubwa wa kiwanja, idadi na matumizi ya vyumba, aina ya vitu vitakavyohifadhiwa, bajeti na masharti ya mazingira. Ubora wa shindano huanzia hapa.

2. *Tangazo na usajili.* Shindano laweza kuwa la wazi kwa wabunifu wote wenye sifa, au la walioalikwa pekee.

3. *Uwasilishaji bila majina.* Kila kazi hupewa namba ya siri ili majaji wapime mchoro, wasipime umaarufu wa mchoraji.

4. *Uamuzi wa majaji.* Jopo huwa na wataalamu huru walio wengi kuliko wawakilishi wa mwenye mradi. Aghalabu idadi yao ni witiri ili kura zisilingane.

5. *Matokeo na maonyesho.* Ripoti ya majaji hutangazwa, na kazi zilizowasilishwa huonyeshwa hadharani.

6. *Mkataba.* Mshindi hupewa zawadi, kisha hufanyika majadiliano ya kumkabidhi kazi ya michoro kamili.

Ni muhimu kutofautisha hatua mbili za mwisho. Kushinda siyo kujengewa. Mwaka 2014 jiji la Helsinki, Finland, lilikuwa mwenyeji wa shindano la makumbusho ya Guggenheim kando ya bandari yake, ambalo lilivutia mapendekezo 1,715. Mshindi alitangazwa mwaka 2015, lakini mwishoni mwa 2016 Baraza la Jiji lilikataa mradi huo kwa kura, gharama kwa umma ikiwa miongoni mwa hoja kuu. Barani Afrika, shindano la Makumbusho Kuu ya Misri lilipata mapendekezo 1,557. Mshindi alijulikana mwaka 2003, na ufunguzi rasmi ulifanyika Novemba 2025, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Gharama nazo zahitaji uangalifu. Jumba la Opera la Sydney, Australia, lililo kando ya maji, lilitokana na shindano lililoamuliwa mwaka 1957. Lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za nchi hiyo, na hadi linafunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limegharimu milioni 102. Ndiyo sababu wakadiriaji majenzi hupaswa kushirikishwa tangu mwanzo, kabla mchoro unaopendeza haujawa ahadi kwa wananchi.

Hali ya pwani yetu

Makumbusho mengi mashuhuri ya pwani ya Waswahili yamo katika majengo yaliyojengwa kwa kazi nyingine. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kwa ajili ya vita. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 mbele ya bandari, ilikuwa kasri la Sultani kabla ya kuwa ofisi za serikali na hatimaye makumbusho.

Majengo hayo yenyewe ni urithi, ila yana mipaka yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Chumvi ya bahari, unyevu na uzito ambao kuta za zamani hazikukusudiwa kuubeba ni mambo ambayo mwongozo wowote wa jengo la pwani, jipya au la kukarabatiwa, hauna budi kuyatamka.

Yanayoihusu Tandahimba

Historia inaonyesha kwamba usalama wa jengo ndio usalama wa urithi. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine kutoka Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Baadaye kilibainika kuwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, Uswisi. Serikali ilikidai kwa miaka kadhaa, na suala hilo likafikishwa mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni. Kinyago kilikabidhiwa kwa Tanzania Mei 2010, miaka 26 baada ya kuibwa.

Vitu vingine vimetoka katika uwanda huu kwa njia tofauti. Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule alifanya utafiti katika maeneo ya Masasi na Newala, akakusanya vitu vingi kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Katika mkoa jirani wa Lindi, Wajerumani walichimba mabaki ya mijusi wakubwa huko Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913. Kiunzi kikubwa cha mifupa kilichounganishwa kutokana na mabaki hayo, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kinaonyeshwa jijini Berlin.

Mambo haya yanagusa michoro moja kwa moja. Ukumbi wa kusimamisha hata nakala ya mjusi wa Tendaguru unahitaji dari ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Vinyago vya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, hivyo huhitaji ulinzi dhidi ya wadudu na unyevu zaidi ya sanamu za mpingo. Aidha, baadhi ya vinyago hivyo vina miiko ya jando na unyago, na si kila mtu huruhusiwa kuvishika au kuona vikivaliwa. Mbunifu asiyeelezwa hayo hawezi kuyachora.

Sheria zinazohusika nchini

Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Shirika la Makumbusho ya Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1980. Ununuzi wa Serikali, ukiwamo wa huduma za ushauri, huongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na hufanyika kupitia mfumo wa NeST. Michoro ya majengo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hivyo mwongozo wa shindano unapaswa kueleza nani atamiliki mapendekezo ambayo hayakushinda.

Kwa jengo la kando ya maji, sheria ya kuangaliwa mapema ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Mpaka huo unapaswa kuonekana kwenye ramani ya kiwanja wanayopewa washindani.

Ushauri kwa wananchi

Mwananchi anayesoma tangazo la shindano la aina hii anashauriwa kuangalia mambo matano: bajeti imetajwa, majaji wametajwa kwa majina na taaluma zao, kazi zitapimwa bila majina, gharama za kuendesha jengo baada ya ufunguzi zimezingatiwa, na jamii zinazomiliki urithi husika zimesikilizwa kabla ya mwongozo kukamilishwa.

Jambo la tano ndilo lenye uzito kwa Tandahimba. Maoni yakitolewa baada ya mshindi kutangazwa, hubadilisha mambo machache kwa gharama kubwa. Wazee, makungwi na wachongaji wanahimizwa kuorodhesha mapema, kupitia ofisi za vijiji na kata na maofisa utamaduni, vitu walivyo navyo, matumizi yake na miiko yake. Orodha hiyo ndiyo itakayomwongoza mbunifu majengo, na ndiyo ushahidi wa kwanza endapo kitu kitapotea.